Upande Wenye Rangi

Emérita Byukusenge alilibeba turubai lile mgongoni kutoka kambi ya wakimbizi karibu na Masisi mpaka Kashebere, siku sita kwa mguu, amelifunga kwa kamba za mgomba, na kila aliyemwuliza ni la nini alimjibu kuwa ni la kuanikia maharage. Hakusema uongo. Lakini safari hii alikuwa analipeleka likamuue mtu, na mtu mwenyewe alimjua kwa jina, kwa sura, na kwa namna anavyokohoa kabla ya kusema jambo asilolimaanisha.

Jina lake Jean-Claude Mbonigaba. Walikuwa majirani kwa miaka ishirini na mitatu, shamba kwa shamba, na kati yao palikuwa na kipande cha ardhi ubavuni mwa mlima. Hakikuwa kikubwa, ila chemchemi ilikuwa ndani yake, na kijijini kwao, Nyamitaba, mwenye maji ndiye mwenye ng'ombe wanono. Léonard, mume wa Emérita, alisema kipande ni cha baba yake. Mbonigaba alisema ni cha baba yake yeye. Baba wote wawili walishakufa bila kuacha karatasi, basi kesi ikawa ya kula nayo na kulala nayo: kwa chifu, kwa katekista, mpaka kwa wakubwa wa Masisi. Mwishowe Léonard akashinda. Mbonigaba akakohoa, akasema amekubali.

Kisha vita ikapanda mlima.

Hapa pasikilizwe vizuri, maana wapo watu wanaoieleza vita hii redioni saa nzima, na wakimaliza hujui nani kamuua nani. Serikali ilikuwa na marafiki. Adui wa serikali naye alikuwa na marafiki. Nyuma yao walisimama wakubwa wa dunia, wale wanaogombania mawe yanayochimbwa huko Walikale, mawe meusi yanayopita Mubi kwa magunia kila siku ili simu za wengine zilie na ndege za wengine ziruke. Mkubwa mmoja alitoa ndege zisizo na rubani, mwingine akatoa fedha, wa tatu akatoa picha zilizopigwa kutoka mbinguni. Kila baada ya miezi michache walitia saini mapatano katika mji fulani wenye mazulia, wakashikana mikono mbele ya kamera, na Nyamitaba ikaendelea kuzika. Husemwa wapiganapo tembo, ziumiazo ni nyasi. Sawa. Lakini nyasi za Nyamitaba zilikuwa na majina ya ubatizo.

Kati ya marafiki wa serikali walikuwemo askari wa kigeni, walioletwa na muungano wa nchi za mbali. Walijenga kambi kwenye kilima cha tatu kutoka kwa Léonard, na juu ya mapaa yao wakatandika maturubai ya kijani yenye mstari mpana wa rangi ya chungwa, upande mmoja tu, kutoka pembe hadi pembe. Mstari ule ulikuwa salamu kwa ndege za wenzao: hapa tupo sisi, msipige. Mbonigaba alipata kazi pale ya kuwapelekea kuni, maziwa na jibini. Alikuwa mtu wa kujituma, hilo hakuna wa kumnyima.

Halafu muungano ukavunjika. Wakubwa waligombana, wakapatana upya kwa namna nyingine, na askari wale wakaamriwa kurudi kwao. Waliteremka mlima kwa malori, hawakuaga mtu. Wiki hiyohiyo Mbonigaba alikuja nyumbani kwa Léonard na turubai begani na mtungi wa kasiksi, pombe ya ndizi, kichwani mwa mjukuu wake. Alisema vita imemfunza kwamba ardhi si kitu, jirani ndiye kitu. Wakaketi mbele ya mashahidi, wakanywa kwa mrija mmoja, kama wanavyofanya watu wa kule wanapoumaliza ugomvi. Turubai lilikuwa zawadi ya kulifunga lile neno.

"Kaka Léonard, hii bâche iko nguvu, haipitishe maji," alisema, akilipapasa turubai, na akakohoa. "Lakini sikiya: tandika upande ya rangi yulu. Ile rangi njo inavutaka jua. Maharage itakauka siku mbili."

Yaani upande wenye rangi uwe juu. Emérita ndiye aliyelipokea, kwa mikono miwili, akashukuru. Jambo hilo lilikuja kumla kuliko yote.

Turubai zuri ni kitu adimu kule mlimani. Mvua ya Masisi haina adabu, na maharage yakivunwa mabichi yakakosa jua, yanaota kwenye gunia. Ndiyo maana kuna desturi ambayo hakuna aliyeitunga na hakuna anayeivunja: turubai likishatandikwa juani, si la mtu tena. Mwanamke yeyote akiliona anakuja na kikapu chake, anavua viatu, anamwaga maharage yake kando ya ya wenzake, na kuacha upana wa kiganja kati ya fungu na fungu. Haombi ruhusa. Kuomba ruhusa ni kumwita mwenye turubai mchoyo. Hata kama mligombana jana, unakuja. Jua halina mwenyewe, ndivyo wanavyosema, na kweli halina.

Siku ya tatu palikuwa na mafungu saba uani kwa Léonard. Saa sita mchana Emérita alikuwa chemchemini akijaza bidoni yake maji. Akasikia mlio wa pikipiki inayokuja na haifiki, inakuja na haifiki. Kisha mlima ukapiga kishindo.

Alipofika juu alimkuta Léonard, akamkuta Adelaïde, binti yao wa miaka kumi na tisa, aliyekuwa ameinama akigeuza maharage, akamkuta na jirani yao Muhawenimana aliyekuja kuchukua fungu lake. Wote watatu aliwafunika kwa nguo zake mwenyewe. Maharage yalikuwa yametawanyika mpaka kwenye migomba. Turubai lilirushwa kwenye mihogo, limeungua pembe moja tu. Lilikuwa na nguvu kweli.

Kwa miezi miwili Emérita alidhani ni bahati mbaya ya vita, kama wengine. Aliishi kambi ya wakimbizi karibu na Masisi, na turubai likawa paa la kibanda chake. Upande wenye rangi aliuweka ndani, maana upande ule ulimkumbusha. Siku moja kijana mmoja, Cyusa, aliyekuwa akiandika majina ya watu wa kupewa unga, aliinamisha kichwa mlangoni, akaona ule mstari wa chungwa juu ya kichwa cha Emérita, akarudi nyuma kana kwamba ameona nyoka.

"Mama, hii kitu ulipata wapi?"

"Ni zawadi. Iko na nini?"

Cyusa alikuwa mkalimani wa wale askari wa kigeni. Alieleza huku akitazama juu kila mara. "Siku ya kwenda, komanda alikusanya batumishi bote. Alisema muchome bâche zote, isibakie hata moja. Adui iko na picha ya hii rangi. Fasi droni yake itaona hii rangi, itapiga tu, haiulize. Ni miye nilitafsiri, mama. Nilisema mara mbili."

"Mbonigaba alikuwa pale?"

"Ule wa maziwa? Alikuwa mbele kabisa. Yeye njo alipewa petroli ya kuchoma."

Emérita aliketi chini. Hakulia. Mpaka siku ile alikuwa na huzuni, na huzuni humlaza mtu. Chuki ndiyo humwamsha. Ya Emérita ikamwosha uso, ikampa hamu ya kula. Upande ya rangi yulu. Alimsikia Mbonigaba akilisema neno lile, na kile kikohozi kabla yake, usiku na mchana, mpaka kikawa sala yake. Alipopata habari kwamba ng'ombe wa kaka yake Mbonigaba wanakunywa kwenye chemchemi, na kwamba Mbonigaba mwenyewe amehamia Kashebere, upande wa Walikale, anafanya biashara ya maharage, Emérita aliling'oa paa lake, akalifunga mgongoni, akashika njia.

Alimtaka afe namna ileile. Chini ya turubai lilelile, saa ileile, kwa ndege ileile. Kisu hakikumtosha.

Kashebere hakupata shida ya kuipata nyumba. Mbonigaba alinunua maharage kwa wakulima wa njiani, akayapeleka Mubi kwenye maduka yanayowalisha wachimbaji. Alikuwa ameoa hukohuko, mwanamke wa makamo aitwaye Josiane, mwenye sauti kubwa na mkono mwepesi wa kutoa. Mume alikuwa Mubi, akirudi Ijumaa. Emérita alijiita Mama Noëlla, akaomba kibarua cha kupura maharage, akapewa siku hiyohiyo.

"Kula kwanza," Josiane alimwambia. "Mutu hapurake maharage na tumbo ya bure."

Alimpa foufou, ugali wa muhogo, na mboga ya sombe, akampa na kitenge, kisha akamwuliza juu ya watoto wake. Emérita alisema hana. Josiane hakuuliza tena, alimwongezea chakula tu. Laiti angalikuwa mkali! Emérita alikula akiwa amekasirika. Si haki mtu kama Mbonigaba kupata mwanamke wa namna ile.

Vita ilikuwa inakaribia Walikale wakati huo, na ndege isiyo na rubani ilipita juu ya Kashebere karibu kila siku, saa tano na nusu au saa sita. Mlio wake ni wa pikipiki. Watu walikuwa wamezoea kunyamaza kila pikipiki inapolia mbali, wakisubiri. Ikitokea kwenye kona ya barabara, wanaendelea na maneno yao. Isipotokea, wanaingia ndani.

Ijumaa ilikucha na jua kali baada ya siku mbili za mvua. Josiane alifungua magunia, akatia mkono, akautoa ukiwa na unyevu.

"Yote itaoza. Bwana yangu atakuya leo, atanifokea."

"Miye niko na bâche," Emérita alisema. Alikuwa ameisubiri siku hiyo kwa siku tano. "Weye endeye kusalimia mama yako, kama ulivyosema. Mi nitaanika. Na yeye akifika, nitamupa chakula."

Alitaka Josiane awe mbali. Mwenye kisasi naye hupenda kujiona mwenye haki. Josiane alishukuru, akajifunga kitambaa kichwani, akaenda zake kwa mama yake upande wa pili wa kijiji.

Emérita alilitandika turubai katikati ya ua, upande wenye rangi juu. Alilinyoosha pembe kwa pembe, hata ile iliyoungua. Akamwaga maharage machache pembeni, ya kumdanganya mtu, akaacha mstari wa chungwa wazi. Akaweka kiti cha Mbonigaba kando yake, kile cha mbao chenye mgongo, alichokipenda akitoka safari. Kisha akachukua mfuko wake, akapanda kilimani nyuma ya nyumba mahali ambapo njia ya Mubi inaonekana, akaketi kwenye jiwe. Ilikuwa saa nne na nusu. Alikuwa mtulivu. Tangu siku ya chemchemi hajapata kuwa mtulivu vile.

Bibi mmoja alipita mbele yake na kikapu kichwani, akiteremka. Alimsalimu kwa lafudhi ya Masisi.

"Unakaa tu, mama? Lete maharage yako. Banatandika bâche kwa Josiane, iko kubwa."

"Nani alikuambia?" Emérita aliuliza.

"Nani aniambie? Rangi inaonekana toka huko kwetu." Bibi alicheka, akateremka.

Emérita alisimama, akaketi tena. Alikuwa amefikiria kila kitu: siku, saa, kiti. Hili hakulifikiria, na alikuwa nalo tangu utoto. Alidhani Kashebere ni upande wa msitu, watu wa njia na biashara, hawana habari na mambo ya mlimani. Alisahau kwamba nusu ya Masisi ilikuwa imekimbilia pale, na kwamba mtu anayekimbia huacha kitanda na kuku lakini mazoea yake huyabeba yote. Bibi yule alivua viatu mlangoni mwa ua. Baada yake akaja mwanamke mwenye mtoto mgongoni. Baada yake, wawili pamoja.

Si mimi niliyewaita, Emérita alijiambia. Hata sisi hakuna aliyetuonya.

Akahesabu, japo hakutaka. Mafungu manne. Matano. Kutoka juu aliona mistari ya viganja kati yao, imenyooka, na wanawake wameinama wakigeuza maharage kwa mikono miwili, vilevile, vilevile kabisa kama Adelaïde. Alisema kwa sauti, peke yake pale juu, "Mutoke," lakini kwa sauti ya mtu anayezungumza na kuku. Alitaka Mbonigaba afe. Alilitaka jambo hilo kuliko alivyotaka mbingu, na padri akitaka akasirike. Akaendelea kukaa. Hilo lisemwe pia, kwa sababu yeye mwenyewe hakulificha baadaye: aliwaona watu na akaendelea kukaa.

Fungu la sita lilikuwa la kijana wa kike aliyekuja akikimbia. La saba lililetwa na Josiane. Alikuwa amerudi na mama yake mzee, na kikapu cha mama yake kichwani, kwa sababu nyumbani kwake kulikuwa na turubai na mama yake alikuwa na maharage mabichi.

Saba.

Ndipo mlio ulipoanza. Ulikuwa mbali, upande wa Masisi, unasikika huku juu tu, wa pikipiki inayokuja. Na kwa kejeli ambayo vita peke yake inaijua, upande wa Mubi pia kulikuwa na mlio, na huo ulifika: pikipiki ya kweli, imebeba magunia matupu na Jean-Claude Mbonigaba. Akashuka mbele ya nyumba yake, akajikung'uta vumbi, akaingia uani akiwa na tabasamu.

Akaliona turubai.

Emérita alimwona vizuri kutoka juu. Alimwona akisimama. Alimwona akitazama mstari wa chungwa, kisha mbinguni, kisha mstari tena. Wanawake wanane na mtoto mmoja walikuwa mbele yake, mke wake akiwa mmoja wao, akimpungia mkono. Mbonigaba hakusema hata neno moja. Aligeuka, akakimbia.

Akapanda kilima kwa njia ileile ambayo Emérita alikuwa ameanza kuiteremka. Emérita hakujua ni wakati gani aliinuka kutoka kwenye lile jiwe, ila miguu ilikuwa imeshika njia, na alikuwa akipiga kelele. Walikutana katikati. Uso wa Mbonigaba ulikuwa wa majivu. Alimtambua, maana mdomo ulifunguka, lakini hakupunguza mwendo, naye Emérita hakupunguza. Mmoja alilikimbia turubai na mwingine alilikimbilia.

"Mutoke! Mutoke yulu ya bâche! Mutoto, beba mutoto!"

Wanawake walimtazama kama mwendawazimu. Hakueleza. Alishika pembe iliyoungua, akavuta kwa nguvu zake zote, akalipindua, na mafungu saba ya maharage yakamwagika kwenye tope. Bibi wa kwanza alimlaani palepale. Emérita alilikunja turubai rangi ikiwa ndani, akalikumbatia, akawasukuma kwa mabega mpaka chini ya migomba, na sasa wote wakausikia ule mlio usiofika, wakanyamaza wenyewe.

Ndege ilizunguka mara moja. Ikazunguka mara ya pili, chini zaidi. Mtoto alianza kulia na mama yake akamziba mdomo kwa titi. Kisha mlio ukasogea upande wa Walikale, ukafifia, na jogoo wa jirani akawika kana kwamba kazi ile alikuwa ameifanya yeye.

Mbonigaba alirudi baada ya muda, suruali ina tope mpaka magotini. Alikohoa.

"Nilisikia droni, njo nilikimbia," alisema. "Kila mutu anakimbiaka droni."

"Ulikimbia kabla isikike," Josiane alisema. Sauti yake kubwa ilikuwa imekwisha, amebaki na ndogo. "Nilikupungia mukono. Uliangalia bâche, ukakimbia. Ulituacha."

"Na batu bakisikia droni, banaingia mu nyumba," alisema bibi yule. "Weye nyumba ilikuwa mbele yako."

Emérita alitoka kwenye migomba na turubai mikononi. "Miye naitwa Emérita Byukusenge, wa Nyamitaba. Siko Mama Noëlla. Niko Mama Adelaïde, na Adelaïde alikufa yulu ya hii bâche, na baba yake, na Muhawenimana. Huyu njo alituletea. Komanda alimupa petroli ya kuchoma, akatuletea sisi. Alikunywa na bwana yangu na mrija moja, akamwambia atandike upande ya rangi yulu."

"Ni bâche tu!" Mbonigaba alisema. "Ya maharage! Mi sikujua kitu!"

"Na hapa," Josiane alimwuliza Emérita polepole, "nani alileta?"

Palikuwa na nafasi ya kusema uongo, tena ya kutosha. "Ni miye," Emérita alisema. "Ilikuwa ya kumuua yeye."

"Nilikupa chakula."

"Ndiyo."

"Mama yangu alikuwa pale. Ule mutoto alikuwa pale."

"Ndiyo. Niliwaona. Nilikawia kuteremuka."

Josiane alilia kidogo, kwa hasira, akajifuta kwa ncha ya kitenge. Kisha akanyoosha mkono akaonyesha kiwanja kitupu kando ya barabara, mahali wanapopakia magunia, pasipo na nyumba karibu. "Kama ni ya maharage tu, basi mutandike kule. Mukae yulu yake, bote wawili. Ule alileta ya kwanza na ule alileta ya pili. Mukae mpaka jua iingie. Njo nitajua nani anasema kweli."

Emérita hakubishana. Alikwenda kiwanjani, wanawake wakimfuata kwa mbali. Akalitandika turubai upande wenye rangi juu, akalinyoosha. Akavua viatu vyake vya plastiki, akaviweka ukingoni jozi kwa jozi, akaketi. Aliketi upande mmoja, akaacha nafasi ya mtu, na kati yake na nafasi ile akaacha upana wa kiganja.

"Kuya, Papa Mbonigaba," alisema. "Fasi iko."

Mbonigaba alisogea mpaka ukingoni. Kijiji kizima kilikuwa kimetoka sasa. Alivua kiatu kimoja. Akatazama mstari wa chungwa, akatazama mbinguni, akakivaa tena.

Upande wa Masisi, nyuma ya kona, ukaanza mlio wa pikipiki.

Watu wote walinyamaza, wakarudi nyuma kuelekea kwenye nyumba. Emérita hakuinua kichwa. Aliweka mikono mapajani, akamtazama Mbonigaba usoni, na ndani yake hapakuwa na woga hata punje, palikuwa na chuki safi iliyotulia kama maji ya chemchemi. Mlio ukakua. Haukufika. Mbonigaba alipiga magoti kwenye changarawe, hata kidole hakikugusa turubai.

"Nilijua," alisema. "Mama Adelaïde, toka hapo. Nilijua. Nilitaka maji ile. Nilijua."

Hakukohoa.

Pikipiki ikatokea kwenye kona, imebeba bidoni za mafuta ya mawese, na dereva wake akapunguza mwendo kuwashangaa watu waliosimama kimya na mwanamume anayelia mbele ya mwanamke aliyeketi juani. Josiane alikwenda nyumbani, akarudi na begi la mume wake, akamfungia kwenye pikipiki hiyohiyo kwa mikono yake mwenyewe. Dereva alikuwa akienda Mubi, na Mbonigaba akapanda nyuma yake. Madereva wa njia ile hawajui kunyamaza, na maneno yalifika Mubi kabla ya mafuta. Huko kwenye maduka, siku zilizofuata, kila Mbonigaba alipotandika gunia lake juani, wanawake waliokota ya kwao wakahamia kivulini. Hakuna aliyemgusa, wala aliyenunua kwake. Maharage yake yaliota kwenye magunia.

Emérita alikuwa amelifuata neno lile, "nilijua," kwa siku sita na miezi minne. Alidhani litakuwa kubwa. Aliendelea kukaa pale, akisubiri lishuke moyoni, nalo halikushuka, au lilishuka na kukuta hakuna mtu. Jua lilikuwa bado liko juu. Kivuli kikamwangukia, akainua macho: ni Josiane, ameshika kikapu cha maharage yenye tope, na nyuma yake wale wengine na vikapu vyao. Uso wake haukuwa na msamaha wowote.

"Simama," Josiane alisema. "Tunahitaji bâche."

Emérita alisimama. Wakalipindua wenyewe, rangi ikalala chini, kijani ikaja juu. Wakavua viatu, wakamwaga mafungu saba na kuacha viganja kati yao. Hakuna aliyemwambia aondoke, na hakuna aliyemwambia abaki. Alirudi uani peke yake, akainama pale alipoyamwaga, akaanza kuokota maharage yaliyobaki kwenye tope, moja moja.